Joto la Kaskazi Linavyodumaza Mitetea

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, banda la kuku lililoezekwa kwa bati kule Chanika, Kibaha au Mkuranga huwa na ukimya wake. Mitetea wa wiki nane hawachakuri maranda wala hawasukumani kwenye vyombo vya chakula. Wamesimama wakiwa wameachana, mabawa wameyatenga na ubavu, midomo wazi, koo zinapwita. Chakula kilichowekwa alfajiri kimebaki zaidi ya nusu. Maji ndiyo yamekwisha. Jioni mwenye banda atapita, atahesabu, ataona hakuna aliyekufa, atafunga mlango na kumshukuru Mungu.

Kumbe hasara ya siku ile ameshaipata. Haitajulikana mpaka Mei, wakati kuku wale watakapotakiwa kutaga na trei zikawa hazijai. Baadhi watakuwa wameanza, wengine bado kimya, na mayai yenyewe madogo kiasi cha mwenye duka kuyakataa. Hapo lawama zitagawanywa: vifaranga wa siku hizi si kama wa zamani, chakula kimechakachuliwa, chanjo ilikuwa imeharibika. Huenda mojawapo ni kweli. Ila mara nyingi mno, katika ukanda huu wa pwani, kilichowapunguza kuku wale ni joto la kaskazi, lililowakuta wakiwa bado wanajenga mifupa.

Habari za joto na kuku huvuma pale tu kuku wakubwa wanapoanguka na kufa mchana mmoja. Kifo huhesabika. Kudumaa hakuhesabiki, kwa kuwa mabanda mengi ya wafugaji wadogo hayana mizani, na macho yanayowatazama kuku wale wale kila siku hayawezi kugundua kwamba wiki hii wameongezeka gramu 50 badala ya 90. Kero hii wafugaji, wauza vifaranga na maofisa mifugo wanaweza kuiondoa, tena kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kuku hatoki jasho. Hana tezi za jasho kabisa. Mwili wake hukaa kwenye nyuzi 41 hadi 42, joto ambalo kwa binadamu ni homa ya kulazwa hospitali. Akizidiwa na joto la nje, hupeleka damu kwa wingi kwenye sehemu zisizo na manyoya: miguuni, kwenye kilemba chekundu cha kichwani na kwenye ndevu za chini ya mdomo, ili ipoe. Mtetea wa wiki nane hana bado kilemba cha maana wala ndevu, kwa hiyo njia hiyo kwake ni nyembamba. Inayobaki ni kutweta, yaani kutoa mvuke kwa mdomo, pumzi baada ya pumzi, mchana kutwa. Kutweta ni kazi. Kunatumia nguvu ambazo zingejenga nyama, na kunatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi mwilini hata uwiano wa asidi katika damu ukavurugika. Kwa kuku anayetaga, mvurugiko huo ndio huleta mayai yenye ganda jepesi. Kwa mtetea, pigo kubwa zaidi liko kwenye ulaji.

Kila chakula kinachosagwa tumboni hutoa joto lake. Mwili wa kuku unalijua hilo, na anapokuwa tayari anaungua, hupunguza kula. Nuhad Daghir, mtaalamu wa lishe ya kuku wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, amekusanya tafiti za namna hiyo katika kitabu chake kuhusu ufugaji wa kuku katika nchi za joto, kilichotoka upya mwaka 2008. Picha inayopatikana humo ni kwamba kuanzia nyuzi 20 hadi 30 ulaji hupungua kidogo kidogo, kama asilimia 1 hadi 1.5 kwa kila nyuzi moja. Kuanzia nyuzi 32 hadi 38 mporomoko huwa mkali, asilimia 5 kwa kila nyuzi. Banda la bati lenye dari fupi hufika huko mapema sana, kwa sababu chini ya bati kunakuwa na joto kuliko uani.

Na si njaa peke yake. Kuku waliowekwa kwenye joto hukua polepole hata kuliko wenzao waliopewa kiasi kile kile cha chakula mahali penye baridi. Homoni za tezi ya shingo zinazosukuma ukuaji hushuka, homoni ya msongo hupanda, na utumbo wenyewe hunyonya vibaya kile kidogo kilicholiwa.

Kibaya zaidi, mwili wa mtetea una ratiba, na ratiba hiyo haimsubiri mtu. Wiki sita za mwanzo ni za utumbo, moyo, maini na kinga ya mwili. Kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili hujengwa nyama, manyoya na hasa mifupa; ikifika wiki ya kumi na mbili au kumi na tatu, kiunzi cha kuku kimekamilika kwa asilimia 95 hivi. Baada ya hapo mfupa haurefuki tena kwa maana yoyote. Wiki zinazobaki mpaka ya kumi na nane ni za njia ya uzazi na akiba ya madini itakayotengeneza maganda ya mayai.

Kwa hiyo mfugaji anayeona katika wiki ya kumi na tano kwamba kuku wake ni wadogo, akakimbilia kuwajaza chakula, anaongeza mafuta juu ya kiunzi kifupi. Kuku wa namna hiyo akianza kutaga, nyonga zake ni finyu kwa yai analolisukuma. Wengine njia ya yai hutokeza nje, wenzao wakaidonoa, na mfugaji akaokota mzoga asubuhi. Wanaosalia hutaga mayai madogo na huchoka mapema. Mtu amekaa na kuku miezi minne na nusu, kila mmoja amekula kilo sita hivi za chakula, halafu anagundua kwamba kosa lilifanyika mwezi wa pili.

Hesabu ya kuchelewa peke yake inaumiza. Chukua banda la kuku 500 waliochelewa kutaga kwa wiki mbili tu, kila mmoja akila gramu 90 kwa siku. Ni kilo 630 za chakula, zaidi ya mifuko 12 ya kilo 50, zimeliwa bila yai hata moja. Mwenye banda hilo mara nyingi ni mama aliyekopa kwenye kikoba na marejesho yake hayangoji.

Upo pia upande wa chanjo. Joto la muda mrefu husinyaza viungo vinavyotengeneza kinga ya ndege mchanga, zikiwemo bandama na ile tezi iliyo karibu na njia ya haja ambayo ugonjwa wa gumboro hupenda kuishambulia. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza chanjo ya mdondo ya aina ya I-2, ambayo sifa yake kubwa ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, na imewafaa sana wafugaji wa vijijini wasio na friji. Lakini kuvumilia kwa chanjo ndani ya kichupa hakumfanyi kuku anayetweta kuwa na kinga imara. Chanjo ya maji itolewe alfajiri, kuku wakiwa wametulia na wana kiu ya asili, si saa sita mchana kwa sababu ndipo mchanjaji alipopata nafasi ya kufika.

Pwani ina ugumu wake ambao vitabu vingi vya ufugaji havikuuandikia. Kuku wa mayai wa kisasa wanaofugwa huku wametokana na uzao uliochaguliwa kwa miongo mingi katika nchi za baridi: kampuni ya Lohmann iko Cuxhaven, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, na Hy-Line ilianzia jimbo la Iowa, Marekani. Miongozo yao hupendekeza banda la mitetea wakubwa liwe karibu na nyuzi 20. Dar es Salaam mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32 na usiku huteremka mpaka 25 hivi tu. Usiku ndio wenye kuamua. Kuku wa Dodoma au Morogoro akiunguzwa mchana, alfajiri hupata saa kadhaa za kupoa na kula. Kuku wa Temeke, Tanga mjini au Kilifi hulala katika joto na kuamka nalo, na hewa imejaa unyevu kiasi kwamba hata kutweta kwake hakumpoozi ipasavyo.

Unyevu huo ndio unaovunja pia dawa moja inayopendwa kuuzwa: vinyunyizio vya ukungu. Katika hewa kavu ya Dodoma mwezi Oktoba, ukungu wa maji hukauka papo hapo na kuchukua joto pamoja nao. Mbagala mwezi Machi maji yale hayakauki. Yanalowesha maranda, amonia inapanda, na ugonjwa wa koksidia unapata makao. Anayemuuzia mfugaji wa pwani mtambo huo bila kumweleza hivyo anamwongezea mzigo. Feni inayosukuma hewa juu ya migongo ya kuku humsaidia zaidi.

Mabibi na mababu wa pwani walikuwa na majibu yao, na hayajapotea. Yupo kuku wa kienyeji aitwaye kishingo, asiye na manyoya shingoni, na yupo kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea nje. Sifa hizo, ambazo watu huzionea ajabu tu, wataalamu wa vinasaba wamezichunguza kwa makini: kishingo anayerithi sifa hiyo kwa wazazi wote wawili ana manyoya pungufu kwa karibu asilimia 40, na hivyo hutoa joto kwa urahisi. Hawatagi mayai kama kuku wa kisasa, lakini wanafaa kuingizwa katika mipango ya uzalishaji wa mbegu ya nchi hizi, wala wasiachwe wachinjwe mpaka waishe.

Kwa mfugaji wa leo, mwenye vifaranga wa kisasa, jambo la kwanza ni kalenda. Kifaranga aliyeingizwa bandani katikati ya Novemba anatimiza wiki sita mwishoni mwa Desemba, wiki kumi na mbili mapema Februari, na wiki kumi na saba katikati ya Machi. Kiunzi chake chote kimejengwa katika miezi mibaya kuliko yote. Aliyeingizwa mwanzoni mwa Mei anajenga mifupa yake wakati kusi inavuma, Julai usiku Dar es Salaam ukifika nyuzi 18 au 19, na anafikia umri wa kutaga kuanzia Septemba. Kaskazi ikirudi Desemba inamkuta ni kuku mkubwa, amekwishafika kilele cha utagaji. Joto litamsumbua, ndiyo, lakini halitamkata mguu ambao umekwisha kurefuka.

Zipo hoja za kupinga, na zina uzito. Masika hulowesha maranda na kulea vifaranga katika mvua kunahitaji mkono mwangalifu. Wafugaji wote wakiingiza kuku Mei, bei ya trei itaanguka Oktoba. Vituo vya kutotolea vifaranga navyo haviwezi kufunga mashine nusu mwaka. Kwa anayefuga makundi mfululizo mwaka mzima ushauri huu haumfai. Unamfaa mfugaji wa kundi moja, mwenye kuku 200 au 500, ambaye anaingiza vifaranga Novemba kwa sababu tu ndipo alipopata fedha. Huyo, akisubiri, anasubiri kwa faida yake. Na halmashauri zinazotoa mikopo isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zingemsaidia sana kama vikundi vya ufugaji vya pwani vingepata fedha zao Machi au Aprili, kabla ya kusi.

Kuna wanaopendekeza njia nyingine: mitetea wakulie Arusha, Iringa au Mbeya, kwenye baridi, kisha washushwe pwani wakiwa na wiki kumi na sita. Biashara ya kuuza mitetea walio tayari kutaga ipo na inafaa kukuzwa. Ila kuku aliyezoea usiku wa Iringa akishushwa Dar es Salaam mwezi Januari, akasafirishwa mchana ndani ya matenga, hupata mshtuko unaoweza kufuta faida yote. Washushwe Juni au Julai, na wasafiri usiku.

Jambo la pili ni banda. Mijini watu hujenga kuta ndefu na vidirisha vidogo kwa kuogopa wezi na vicheche, na hofu hiyo ina sababu. Lakini mtetea hawezi kuishi ndani ya stoo. Ukuta wa kozi tatu za matofali, juu yake wavu wa waya imara mpaka kwenye paa, hulinda na huku hewa inapita. Banda lielekezwe mashariki na magharibi kwa urefu wake, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi. Paa liinuliwe, upenu utokeze vya kutosha, na bati lipakwe rangi nyeupe au chokaa kabla ya Desemba. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua ambalo bati lenye kutu hulimeza. Makuti bado ni paa bora la pwani kwa kuku, na si ishara ya umaskini.

Vifaranga wachanga wana kisa chao. Siku za mwanzo wanahitaji joto la nyuzi 33 hadi 35, nalo hupunguzwa kila wiki. Mfugaji aliyefundishwa kuweka jiko la mkaa wiki tatu hulifuata fundisho hilo hata Februari, saa saba mchana, wakati hewa yenyewe imefika karibu na nyuzi hizo. Vifaranga wake hujibanza ukutani mbali na jiko, midomo wazi, naye akadhani wanaumwa. Kipimajoto cha bei ndogo kingemwambia. Hata bila kipimajoto, kifaranga anayejikusanya na wenzake chini ya taa ana baridi, na anayeikimbia taa ana joto.

Maji yanastahili uangalifu kuliko yanavyopewa. Katika hali ya kawaida kuku hunywa maji mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Kwenye nyuzi 35 na kupanda, hufika mara nne au tano. Halafu tangi jeusi la plastiki limewekwa juu ya mnara, juani, na bomba limepita juu ya ardhi. Maji yanayofika bandani saa nane yana uvuguvugu ambao kuku huukataa. Kivuli juu ya tangi na bomba lililofukiwa ni kazi ya Jumamosi moja.

Chakula kiwepo alfajiri na jioni. Saa nne hadi saa kumi vyombo vinaweza kuinuliwa, ili joto la usagaji lisikutane na joto la mchana. Hapa ipo hatari ambayo wengi hawaijui. Kwa kuku wanaotaga, wafugaji wengine huwasha taa usiku wapate kula kukiwa na ubaridi. Mtetea asifanyiwe hivyo. Kurefusha mwanga kwa ndege anayekua huamsha viungo vya uzazi kabla ya wakati, akaanza kutaga na mwili mdogo, yaani tatizo lile lile limeletwa kwa mlango mwingine. Chakula chenyewe cha msimu wa joto kiwe kimeshiba virutubisho, kwa kuwa kinaliwa kidogo: mafuta kidogo ya alizeti, lisini na methionini za kutosha. Anayejaza pumba ili mfuko uwe wa bei nafuu anampa mtetea mzigo unaozidisha joto tumboni na kumwachia mifupa njaa.

Yote hayo, hata hivyo, yanabaki kubahatisha kama hakuna anayepima. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, nyuzi 1.55 hivi juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, na hakuna dalili kwamba kaskazi ya miaka ijayo itakuwa ya huruma zaidi. Mfugaji hawezi kushusha joto la dunia. Anaweza kujua kila wiki kama linamshinda. Achukue kuku 50 bila kuchagua, siku ile ile ya wiki, saa ile ile, awapime mmoja mmoja na kuandika. Akiona wastani umebaki nyuma, bado ana nafasi: kuku wanaopaswa kuhamia chakula cha kukuzia waendelee kwanza na chakula cha vifaranga mpaka wafikie uzito, wadogo watengwe wale bila kusukumwa, na idadi ndani ya banda ipunguzwe.

Vituo vya kutotolea vifaranga vingeweza kuanza kesho. Kila boksi la vifaranga mia moja linatoka na maelezo ya chanjo. Liongezwe jedwali la uzito, kwa Kiswahili, limebandikwa kwenye mfuniko ili mfugaji alikate na kulipigilia mlangoni mwa banda. Kwa kuku wa mayai wa kahawia lingesomeka kitu kama hiki: wiki ya sita, gramu 450, wiki ya kumi na mbili, kilo moja au zaidi kidogo, wiki ya kumi na saba, kilo 1.4. Pembeni ya kila tarakimu iachwe nafasi tupu ya kuandikia uzito wa kuku wake.